Wimbo wa Nguo Kambani

Hayrat alifikisha miaka ishirini na tisa bila mtu yeyote kumtajia neno mwanamuziki, na siku lilipotajwa mbele yake, lilitajwa ili anyimwe.

Ilikuwa harusini, Hell-Ville, mji mkubwa wa kisiwa cha Nosy Be, Madagaska, mwaka 1977. Bendi iliyoletwa ilikuwa ya Hamidou, mpiga kodiani mwenye kitambi na sauti ya kuamrisha, na wimbo waliokuwa wakiupiga ulikuwa wa Hayrat. Aliutunga kwa Kikomoro kwa ajili ya mama yake aliyefia Mahajanga. Aliuimba mara moja tu, kwenye harusi ya jirani. Wanawake wakauchukua, wakaupeleka harusi ya pili na ya tatu, mpaka ukamfikia Hamidou. Hilo halikumuudhi. Kilichomuudhi ni kwamba ubeti wa tatu, wenye jina la mama yake, ulikuwa umebadilishwa, na mahali pa jina hilo pamewekwa jina la baba wa bibi harusi.

Bendi ilipopumzika alimfuata Hamidou nyuma ya pazia.

"Wimbo huo ni wangu," alimwambia. "Ubeti wa tatu una jina la mama yangu. Naomba ulirudishe."

Hamidou alikuwa anakunywa maji. Aliyamaliza kwanza. "Wewe unapiga nini?"

"Sipigi kitu. Natunga."

"Gitaa?"

"Hapana."

"Kodiani? Hata ngoma?"

"Nimekwambia sipigi."

"Basi, mama, waachie wanamuziki kazi yao." Alisema bila hasira, kama mtu anayemwelekeza mgeni mlango wa kutokea. Kisha akarudi jukwaani, na wimbo ukaombwa tena, na jina la baba wa bibi harusi likaimbwa tena.

Hayrat alirudi nyumbani Dzamandzar, kisiwani humohumo, na maneno hayo, akaishi nayo. Alikuwa mzaliwa wa Mahajanga, mtaa wa Mangarivotra, binti wa kuli wa bandarini. Zilipotokea fujo za Desemba 1976, Wakomoro wengi wakauawa na wengine kukimbizwa, ndugu zake waliobaki hai walivushwa kwenda Komoro. Yeye alimfuata mumewe, Hassane, ambaye kwao ni Nosy Be, katika wale watu wa pwani waliochanganya damu ya Kiarabu, ya Kiafrika na ya Kimalagasi kwa vizazi vingi hata hakuna aliyewauliza wametoka wapi. Hassane alipata kazi kwenye matanuri ya kiwanda cha sukari. Hayrat akawa anapika vitumbua na kuviuza langoni mwa kiwanda wakati zamu ya asubuhi inaingia. Walikuwa na mtoto mmoja, Fatoumia.

Nyimbo zilimjia akiwa kazini. Sauti hutangulia, maneno yakaja kuikalia. Akishaipata sauti aliirudia kutwa nzima kwa kuivumisha puani, mpaka isitikisike tena. Hakuandika chochote kwa sababu kuandika hakujua, ila jina lake kwa herufi za Kiarabu za chuoni. Kichwani alikuwa na nyimbo zaidi ya arobaini na hakuna hata moja iliyompotea. Sasa kila mara alipomaliza kutengeneza wimbo mpya, furaha ilikatika nusu. Alimsikia Hamidou akiuliza: wewe unapiga nini?

"Mwache huyo," Hassane alimwambia. "Wimbo wako unaimbwa mji mzima. Unataka nini zaidi?"

"Nataka ukiimbwa uwe vile nilivyoutengeneza."

"Hata mimi nikivaa shati halibaki kama alivyolishona fundi."

Hayrat alimpenda mumewe, lakini katika jambo hili kuzungumza naye kulikuwa kama kumimina maji kwenye kikapu.

Mwezi wa Juni 1978, msimu wa miwa ulipoanza, Mdahoma alikuja Dzamandzar kutafuta kibarua. Alikuwa mtoto wa jirani yao wa zamani Mangarivotra, mdogo kwa Hayrat kwa miaka minne. Mama yake alikuwa Msakalava, wa kabila la wenyeji wa pwani ile, kwa hiyo yeye aliweza kubaki Mahajanga wakati wengine wanaondoka. Alikuja na begi moja na gitaa. Lile gitaa alilipiga toka utotoni kwa namna iliyowafanya watu waache walichokuwa wakifanya. Wimbo akiusikia mara moja redioni aliupiga wote, besi kwa kidole gumba na sauti ya juu kwa vidole vilivyobaki, hata ukageuka kumtafuta mpigaji wa pili.

"Kwa nini mtu kama wewe anakuja kubeba miwa?" Hayrat alimuuliza jioni ya kwanza, wakiwa wanakula. Walizungumza Kikomoro, kama walivyozoea utotoni. Wakisema na Hassane waligeukia Kimalagasi cha kaskazini.

Mdahoma alieleza. Mkoani ulikuwa umetoka utaratibu mpya: hakuna kupiga muziki ukumbini bila kadi ya mwanamuziki, na kadi ilitolewa na kamati iliyokaa Mahajanga mara moja kwa mwaka. Mwombaji alipiga ala mbele ya kamati, na alichopiga kilipaswa kiwe chake mwenyewe.

"Nilikwenda mwezi wa tano. Nikapiga robo saa nzima. Walitabasamu, wakapiga makofi, mmoja akanyanyuka kabisa. Halafu wakaniuliza, hiki kipande ni cha nani? Kilikuwa cha mtu mwingine. Wakaniambia nirudi mwakani na changu."

"Sasa si utengeneze chako?"

"Sina changu, dada Hayrat." Aliweka kijiko chini. "Nimejaribu. Naanza vizuri, mstari wa kwanza, wa pili. Nikifika wa nne nagundua ni wimbo wa mtu fulani, niliusikia mwaka fulani, mahali fulani. Mikono yangu imejaa nyimbo za watu. Nikiitikisa zinaanguka hizo tu."

Alisema kwa uchungu wa kweli. Hayrat alimtazama. Alitamani kumwonea huruma, lakini wivu ulitangulia. Yule alikuwa na jibu la swali la Hamidou, analo mikononi usiku na mchana, na bado analia.

Makubaliano yalifanywa palepale. Mdahoma angekaa kwao msimu wote na kumfundisha Hayrat gitaa. Hayrat angempa wimbo mmoja, uwe wake kabisa, aupeleke kwenye kamati. Na wakati ukifika wangekwenda wote wawili, kila mtu na kadi yake.

Wimbo aliompa ulikuwa wa wakata miwa. Ulikuwa mzuri, wa haraka, wenye mdundo wa salegy, ngoma ya kuchezwa ya pwani ile. Alimwimbia asubuhi moja akimwaga unga wa mchele, na alipofika mwisho Mdahoma alikuwa ameshaupata wote kwenye nyuzi.

"Uliutengenezaje?" aliuliza.

"Nilikuwa nimekasirikia kinu."

Mdahoma alidhani anadhihakiwa. Kwa siku mbili alimsemesha kwa mkato. Hayrat hakuelewa kosa lake, kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Masomo yenyewe yalikuwa mateso. Ncha za vidole vya Hayrat zilikuwa zimekomaa kwa chuma cha moto cha kupikia vitumbua. Nyuzi hazikumuumiza, lakini pia hakuzihisi vizuri. Alibonyeza pembeni, uzi ukatoa sauti iliyokufa. Jambo la kumtia wazimu ni kwamba masikio yake yalijua. Kabla hajagusa uzi alikwisha kuisikia sauti inayotakiwa, safi, mahali pake. Kisha mkono ukatoa kitu kingine. Mtu asiyejua wimbo ukoje angevumilia zaidi.

Mdahoma hakuwa mwalimu. "Weka hivi," alisema, akaweka vidole vyake haraka hata macho yasiweze kuvifuata.

"Hivi vipi?"

"Hivi."

"Polepole."

"Polepole sijui. Nikienda polepole napotea."

Siku moja ya Septemba walibishana hadi Fatoumia akatoka nje. Hayrat alikuwa amekosea mahali palepale kwa mara ya ishirini, na Mdahoma alimnyang'anya gitaa.

"Hii ndiyo kazi," alisema. "Miaka kumi na saba nimekaa na hiki kitu. Vidole vimetoka damu, vimepona, vimetoka tena. Wewe unaimba ukikanda unga, halafu unataka tuitwe jina moja. Wimbo bila ala ni maneno yaliyovutwa tu."

"Na ala bila wimbo ni mazoezi," Hayrat alijibu. "Umefanya mazoezi miaka kumi na saba."

Mdahoma alitoka, akaenda kukaa na vibarua wenzake. Aliporudi hakuna aliyeomba radhi. Alikaa, akazipatanisha nyuzi za gitaa, akampa.

Wimbo ambao Hayrat alijifunza kuupiga, mmoja tu kwa miezi yote hiyo, ulikuwa ule ambao hakuwahi kuuimba harusini. Siku waliyokimbia Mangarivotra alikuwa amefua. Nguo ziliachwa kambani. Miezi mingi baadaye, tayari yuko Dzamandzar, maneno yalimjia:

*Nguo zangu nimeanika, kamba imelegea,*
*jua limezikausha, nani ataanua?*
*Upitapo Mangarivotra, nyumba usiniambie,*
*niambie shuka la bluu kama lingali kambani.*

Mdahoma alipousikia kwa mara ya kwanza alimwomba aurudie. Shuka lile alilikumbuka. Lilikuwa la mama yake Hayrat. Halafu akachukua gitaa, na kati ya ubeti wa pili na wa tatu akaweka kijia, nyuzi zikishuka zenyewe bila mwimbaji, hatua kwa hatua, kama mtu anayeteremka ngazi za nyumba tupu. Hayrat alimsimamisha.

"Hapo umefanya nini?"

"Sijui. Palikuwa wazi."

Aliuomba wimbo huo badala ya ule wa miwa. Hayrat alikataa, na hawakulizungumza tena.

Mei 1979 walipanda meli ya mizigo ya pwani hadi Mahajanga. Hayrat alifikia kwa shangazi yake Echa, mjane aliyeolewa na Mmalagasi na ambaye hakuhama. Kupita Mangarivotra hakutaka. Alizunguka kwa barabara nyingine. Kamati ilikaa katika jengo moja la serikali karibu na bandari, watu watatu nyuma ya meza, na waombaji walingoja uani, kwenye viti vya mbao, chini ya dirisha lililokuwa wazi kwa sababu ya joto.

Mdahoma aliitwa kabla ya adhuhuri. Kabla yake waliingia watu sita, na watano kati yao walipiga nyimbo za kazi: za mpunga, za pamba, za bandari, na za miwa pia. Miaka ile kila mtu alijua serikali inapenda kusikia nini. Kwa dirisha lile Hayrat alisikia wanakamati wakiguna na kuburuza viti. Kisha alisikia gitaa la Mdahoma likianza ule wimbo wa wakata miwa, likaenda mistari miwili, na likakatika.

Mtu akauliza kitu. Mdahoma akasema, "Samahani, naomba nianze upya."

Alichoanza upya kilikuwa nguo kambani.

Hayrat alinyanyuka, kisha hakujua anyanyukie kwenda wapi. Mlango ulikuwa na askari. Aliutazama ukuta chini ya dirisha na kusikiliza wimbo wake wote, toka mwanzo hadi mwisho. Uchungu mkubwa zaidi ni kwamba ulikuwa umekamilika. Hivyo ndivyo ulivyosikika kichwani mwake asubuhi ile ya kwanza, kabla hajautoa mdomoni ukapungua. Kila sauti ilikaa mahali pake. Ile ngazi ya nyumba tupu ilishuka, na uani watu waliokuwa wakizungumza waliacha. Mwanamke mmoja aliyekaa karibu naye alijifuta macho kwa upande wa leso. Hayrat alitaka kumchukia Mdahoma kwa moyo wote na hata hilo hakuliweza vizuri.

Mdahoma alipotoka hakumtazama. Alipita kando ya ukuta, akasimama mbali. Jina lililofuata lilikuwa la Hayrat.

Hakuwa na wimbo mwingine anaoweza kuupiga. Aliingia na gitaa la kuazima, akakaa, akaanza wimbo uleule. Mwenyekiti, mtu wa nyanda za juu mwenye miwani na adabu nyingi, aliinua mkono kabla ya ubeti wa pili.

"Mama, kipande hiki tumekisikia sasa hivi."

"Ni changu."

"Aliyetoka ametuambia ni chake."

"Nimekitunga mimi, maneno na sauti. Huyo nilimpa wimbo mwingine, wa miwa. Mwulizeni."

"Una maandishi yoyote? Muziki ulioandikwa?"

"Sijui kuandika."

Wanakamati walitazamana. Mwenyekiti akaagiza Mdahoma aitwe. Alisimama karibu na mlango, jasho linamtoka, na kadi yake, wino haujakauka, iko mezani.

"Kijana, kipande hiki ni cha nani?"

Hayrat aligeuka kumtazama. Baadaye, kwa miaka, alijiuliza kama asingegeuka jibu lingekuwa jingine.

"Tumekitengeneza pamoja," Mdahoma alisema.

"Pamoja vipi?"

"Yeye... maneno yalianza kwake."

Mwenyekiti aliridhika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na foleni uani na alitaka jibu linaloingia kwenye fomu. Alimweleza Hayrat taratibu, kwa Kimalagasi cha nyanda za juu ambacho sehemu yake ilimpita. Mtunga maneno ni mshairi, alisema, na washairi hawapewi kadi na kamati hii. Kuhusu gitaa, kwa kile walichokisikia bado hajafikia kiwango. Makosa ni mengi na mkono wa kushoto ni mzito. Lakini ajaribu tena. Sauti yake ni nzuri, aliongeza, na Hayrat akaona hilo ndilo lililomkera kuliko yote, kwa sababu si sauti ya koo lake iliyokuwa ikibishaniwa.

Siku iliyofuata alivuka kwenda Katsepy, ng'ambo ya ghuba, kumsalimu Rabiata, dada mkubwa wa Hassane, aliyeolewa huko. Hakuwa na hamu ya kuonana na mtu, lakini kurudi Nosy Be bila kumsalimu wifi ingekuwa lawama nyingine. Kivukoni alimkuta Mdahoma akimsubiri.

"Sikusema uongo wote," Mdahoma alianza.

"Salamu kwanza."

Alimsalimia. Wakakaa kwenye mawe, kivuko kikiwa bado kinapakia magunia.

"Niliona nyuso zao, dada. Wale wa kabla yangu wote waliimba kazi, kazi. Walikuwa wamechoka. Nikajua nikiendelea nakosa tena, mwaka mwingine mzima. Mikono ikabadili yenyewe."

"Mikono yako haina akili hiyo. Umeniambia mwenyewe haina kitu chake."

Mdahoma aliinamisha kichwa. Hayrat hakuona haya kumuumiza.

"Pamoja, umesema. Haya, niambie. Sehemu gani uliitengeneza wewe?"

"Ile inayoshuka. Kati ya ubeti wa pili na wa tatu."

Ilikuwa kweli. Ile sehemu ilikuwa ya Mdahoma, hakuichukua kwa mtu, na wimbo bila yake ulikuwa pungufu. Kama angekuwa mwizi mtupu ingekuwa rahisi. Hayrat alikaa pale na hasira isiyopata pa kushika.

"Basi nenda kawaambie hivyo," alisema mwishowe. "Sehemu ile ni yako, na iliyobaki yote ni yangu. Maneno na sauti."

"Nitakwenda Jumatatu."

Jumatatu alikwenda kweli. Kamati ilikuwa imemaliza vikao na kuondoka. Aliandika barua, jibu lilikuja baada ya miezi saba, mistari mitatu, kwamba kumbukumbu zilizopitishwa hazibadilishwi. Aliipeleka barua hiyo Nosy Be kwa mkono wa msafiri mmoja, na Hassane ndiye aliyeisoma. Hayrat aliitumia kuwashia moto asubuhi iliyofuata.

Kwa mwaka mzima baada ya hapo hakuna wimbo uliomjia. Sauti ikianza tu, vidole vya mkono wa kushoto vilijikunja kuitafuta iko wapi kwenye gitaa, kabla haijakomaa, na ikafa. Hakuwa amejifunza kupiga. Alikuwa amejifunza kukosea, na sasa makosa yalimfuata hadi mahali ambapo zamani hakuwa na kosa lolote. Alilirudisha lile gitaa la kuazima kwa mwenyewe. Hata hivyo ilichukua miezi mingine mingi kabla sauti ya kwanza haijaja, ndogo, ya mistari miwili, na alikaa nayo kama mtu aliyeshika yai, akiogopa kupumua.

Mwaka 1982 Mdahoma alikuja mwenyewe, na santuri mkononi. Alikuwa amekwenda Antananarivo na bendi yake kurekodi, na upande wa kwanza ulikuwa nguo kambani. Alimwonyesha Hayrat karatasi ya katikati, akamsomea kwa kidole: *Muziki: Mdahoma. Maneno: Hayrat.*

Fatoumia alifurahi kuona jina la mama yake limepigwa chapa. Hassane alilisoma mara mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Hayrat alilitazama tu.

"Na sauti?"

"Sauti ipi?"

"Sauti ya wimbo. Ile unayoimba. Nani kaitunga?"

"Hiyo ndiyo muziki, dada. Hawana mstari mwingine. Ni muziki na maneno."

"Basi umeandika yako."

"Sikuandika mimi. Walisema asiye na kadi hawezi kuwekwa kwenye muziki. Hata hilo la maneno hawakulitaka. Nimegombana nao siku mbili."

"Ungegombana na ya tatu."

Mdahoma aliweka santuri mezani, kwa uangalifu, kama anayeogopa kuivunja kwa hasira. "Unajua nimesafiri siku ngapi kukuletea hii? Watu wote niliowaambia wameniona mtu mwema. Wewe tu hunioni hivyo."

"Wewe uliusikia mdomoni mwangu kwanza," Hayrat alisema. "Wengine wana haki ya kutojua."

Aliondoka jioni ileile. Mtoto alipolala, Hassane akasema, "Mama Fatoumia, jina lako limeandikwa. Watu wangapi hapa Dzamandzar majina yao yameandikwa popote isipokuwa kwenye daftari la kiwanda?"

"Nikikupikia wali, halafu wakaandika Hayrat kaleta chumvi, utafurahi?"

Hassane alifikiri. Hii ilikuwa mara ya kwanza alionekana kufikiri kwa kweli. "Nisingefurahi," alisema. "Lakini wali ningekula." Hayrat alicheka bila kutaka, na hakuwa amecheka juu ya jambo hilo kwa miaka mitano.

Hawakuonana na Mdahoma miaka sita. Habari zilifika. Alikuwa anapiga katika hoteli moja ya Mahajanga, nyimbo zozote wageni walizoomba. Wapigaji vijana walikuja kukaa mbele kutazama mikono yake. Utaratibu wa kadi ulikuwa umekufa. Kamati ilivunjwa, hakuna aliyetangaza, na watu walipiga kumbini kama zamani bila kuulizwa kitu. Hayrat alipoambiwa hivyo alikaa chini kwenye kizingiti. Alitaka kumwuliza mtu: sasa mwaka wangu ule, nani atanirudishia? Lakini hapakuwa na wa kuulizwa.

Mwaka 1988 ilikuja barua, na Fatoumia, aliyekuwa na miaka kumi na tatu, aliisoma kwa sauti. *Dada Hayrat, nimepata wimbo wangu. Wa kwanza. Sijampigia mtu. Naomba uusikilize kabla ya wote, hata kama hutaki kuniona.*

Hayrat alimwambia Fatoumia aandike neno moja: njoo.

Alikuja amekonda, mvi zimemwanza juu ya masikio. Alikaa barazani kwao mchana, watu wakipita, akapiga na kuimba. Mikono ilikuwa ileile, labda bora zaidi. Wimbo ulianza chini, kwa uzi mmoja, mstari wa kwanza ukapanda kidogo na kusita, wa pili ukausogeza. Hayrat aliinamisha kichwa kusikiliza. Mstari wa tatu ulikuja. Wa nne ulipokuja alifumba macho, na Mdahoma aliona.

Alipiga hadi mwisho, lakini alikwisha kujua kuna kitu.

"Sema," alimwambia.

Angeweza kumwambia wimbo umependeza. Kila mtu angemwambia hivyo, na hotelini wangepiga makofi.

"Mstari wa nne ni wangu," Hayrat alisema. "Ni wa ule wimbo wa mama, ule wa Hamidou. Umeugeuza kidogo, lakini ni huo. Na wa tatu unauelekea."

Mdahoma aliupiga tena, polepole, jambo ambalo zamani hakuweza. Alifika wa nne, akasimama.

"Miaka miwili nimekaa na wimbo huu."

"Najua."

"Hujui. Wewe zinakujia ukikanda unga."

"Haziji siku hizi kama zamani. Nilijifunza gitaa, ukumbuke." Alisema bila ukali. "Hiyo mistari miwili ya mwanzo sijawahi kuisikia popote. Sio yangu, sio ya mtu. Ni yako. Toa iliyobaki."

"Nikitoa hakuna wimbo."

"Kuna mistari miwili."

"Nimalizie, basi. Dada, unaweza kuimalizia leo hii, nakujua. Nitaandika jina lako, sauti na kila kitu, nitagombana nao mwezi mzima."

Hayrat aliyajua maneno ya mstari unaofuata. Kweli kabisa, sauti ya mstari wa tatu ilikuwa imeshamjia wakati Mdahoma bado anazungumza, nzuri, imetulia. Alijizuia kuivumisha. Ilimuuma kuibana.

"Hapana," alisema.

Mdahoma alikasirika. Alikaa siku mbili nyuma ya nyumba, akirudia mistari ileile miwili mpaka Hassane, ambaye sasa alikuwa zamu ya usiku, akaomba alale walau saa moja. Siku ya tatu alifunga begi. Mlangoni Hayrat alimwambia neno moja tu la kumbebesha: kila anapopiga nguo kambani, kabla ya kuanza, aseme maneno na sauti ni za nani, na ile ngazi ni ya nani. Mdahoma aliitikia. Baadaye mjomba wake Hassane aliyepita Mahajanga aliwaambia alimsikia akisema hivyohivyo kwa Kimalagasi, mbele ya Wazungu kumi na wawili waliokuwa wakila kamba wa baharini na hawakuelewa neno.

Mwaka uliofuata, msimu wa miwa, Mdahoma alikuja tena, bila barua. Hakunywa hata maji. Alikaa, akapiga mistari miwili, na akaendelea kwenye wa tatu.

Ulikuwa mstari mzito, umekaa vibaya, na neno la mwisho halikutosha kwenye sauti. Hayrat alimwomba aurudie. Aliusikiliza mara tatu, akitafuta ndani yake wimbo wa mtu yeyote, na hakuupata.

"Si mzuri," alimwambia.

"Najua si mzuri."

"Ila ni wako."

Mdahoma alifuta jasho, akaliweka gitaa magotini, na kuanza kumweleza kwa nini neno la mwisho haliwezi kubadilishwa. Hayrat hakukubaliana naye. Walibishana hadi king'ora cha kiwanda kilipolia.